Siku Kumi na Nne za Ngusa

Mume wangu Ngusa hakuwa akichanja kundi zima la ng'ombe kwa mara moja. Alitoa watano, wakachanjwa mkiani, kisha akawaangalia kwa siku kumi na nne. Wasipovimba mkia, wasipoacha kula, ndipo wengine wote waliingia kwenye kibanio cha kuchanjia. Marehemu baba yake ndiye aliyemfundisha hivyo walipohama na mifugo kutoka Shinyanga.

Chanjo ya korona ilipofika kwetu Usevya, alinipakia kwenye pikipiki mpaka zahanati. Nikachanjwa. Nilipotoka alikuwa bado ameegemea pikipiki.

"Na wewe?"

"Mmoja kwanza," akasema. "Nikikuona unakula ugali vizuri, nami nitakuja."

"Kwa hiyo mimi ni mtamba wako?"

"Tena mtamba mkaidi," akacheka.

Jioni ile nilipata homa, kesho yake ikaisha. Nesi alikuwa ameshaniambia kwamba ndivyo mwili unavyojifunza kupigana. Ngusa nilimweleza, akaitikia, lakini aliendelea kuhesabu. Siku ya kumi na moja alirudi kutoka malishoni akikohoa. Siku ya kumi na nne alikuwa Mpanda mjini, hospitalini, kwenye oksijeni. Mimi niliyemuuguza nilikohoa siku tatu tu. Yeye hakurudi.

Mpaka leo ng'ombe wakikaribia jioni natoka nje. Siku hizi wanaletwa na Silvester, mdogo wake. Ni kijana mzuri, hana kosa lolote. Ila hajui kupiga mluzi, na ng'ombe husimama kwanza langoni kabla ya kuingia. Na mimi husimama.

Nilibaki na mama mkwe, Kabula, ninayemwita Mayu, yaani mama. Ana pumu. Msimu wa baridi kifua chake hulia hata akikaa tu. Niliposikia nesi Dorotea atachanja siku ya mnada, sikumpa nafasi ya kukataa.

"Mayu, vaa viatu."

"Mtoto wa Majengo una amri! Kwenu mjini wakwe wanaswagwa hivi?"

Tulikuta foleni fupi karibu na zizi la mnada. Kabula akamwuliza Dorotea, "Hii ni ya mafua?"

"Hapana, bibi. Mafua makali yana chanjo yake, huku kwetu ni adimu. Hii ni ya korona."

"Nikichanjwa siugui tena?"

"Unaweza kuugua, sikudanganyi. Lakini haitakuangusha kirahisi. Na wewe mwenye pumu ndiye ninayekutaka hasa."

Kabula akageuka akamtazama mama Arcade, jirani yetu, aliyekuwa nyuma yake. "Basi aanze huyu. Nitamwangalia siku kumi na nne."

"Nyie Wasukuma!" mama Arcade akasema. "Leo nimekuwa ng'ombe wenu?" Foleni nzima ikacheka.

Mimi nilishindwa kucheka. Nilimshika Kabula mkono, nikamvuta pembeni.

"Mayu, Ngusa naye alikuwa anahesabu."

"Anahesabu nini?"

"Siku. Mimi nilichanjwa, yeye akawa ananiangalia."

Alikuwa anaamini kwamba siku ile zahanati dawa ilikwisha kabla mwanawe hajafikiwa. Mimi ndiye niliyemwacha aamini hivyo.

"Alifika siku ya ngapi?"

"Kumi na moja."

Mnadi alikuwa anataja bei ya dume, watu wakapaza sauti, naye akawa anatazama kule kama mtu anayetaka kununua.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utamlaumu mzee kwa kumfundisha hivyo, na mzee hayupo kujitetea."

"Mzee alikuwa anajua ng'ombe," akasema taratibu. "Watu hakuwajua."

Akarudi kwenye foleni, akamwomba mama Arcade ampishe, akashusha khanga begani mwenyewe. Dorotea alipomchoma hakufumba macho.

Njiani alitangulia. Nikajua ameniwekea kinyongo, nikakubali, maana uhai wake nilikuwa nautaka kuliko mapenzi yake. Tulipofika kwenye mashamba ya mpunga alisimama akanisubiri.

"Zile siku kumi na moja," akasema. "Nilikuwa kwa dada yangu, sikumwona. Alikuwa anafanya nini?"

Nikaanza na siku ya kwanza. Alitengeneza mlango wa jiko. Siku ya pili aligombana na jogoo. Kabula akanishika mkono tukaenda polepole, na kila nilipotaka kuruka siku, alinirudisha.

"Ya tano hujasema."

Tulifika nyumbani nikiwa kwenye siku ya nane, akavuta kigoda, akaketi, akaniambia niendelee.