Chupa Zinazohema

Daktari wa maabara alikata kinyama cha kwanza cha asubuhi, akakiweka chini ya hadubini na kukihoji kama mtu aliyekuja kuposa: kwao wapi, na tabia yake ikoje. Kwao ni kwenye tezi. Tabia mbaya, kilikwishavunja ukuta na kuingia kwa majirani.

"Saratani ya tezi," alikiita. Kipande kilichobaki chupani kikatulia.

Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Uvimbe ukiitwa jina lake hutulia. Ukibandikwa jina lisilo lake huanza kuhema na kukua. Daktari akaandika kwenye ripoti, "Uvimbe wa kawaida, hauna madhara," na chupa ikaanza kuhema.

Hiyo ilikuwa amri ya Mkuu wa hospitali tangu mashine ya mionzi ya kutibia saratani iharibike.

"Ukiwaambia wagonjwa ni saratani, watakwenda wapi?" alisema. "Waache warudi nyumbani na furaha yao."

Daktari alibisha siku hiyo, kisha akaufyata. Sasa rafu nzima ilipanda na kushuka, na mfagiaji alizoea kufuta vumbi chupa zikishusha pumzi.

Mchana ikaja chupa yenye jina la mdogo wake. Daktari alitazama kwenye hadubini. Saratani ya titi. Safari hii aliandika jina lenyewe, akampelekea Mkuu ripoti.

Mkuu alisoma, akavua miwani. "Huyu si ndugu yako?"

"Tumbo moja."

"Ungesema mapema. Hospitali ya pili wana mashine nzima. Gari lipo, aondoke leo."

"Na wale wengine?"

"Wengine gani?" Mkuu aliuliza kwa upole. "Wale si tumeshawaambia ni wazima?"

Jioni mdogo wake alipita maabara kuaga, mkoba begani. Chupa yake ilikuwa imetulia tuli.

"Dada, hizi nyingine mbona zinahema?"

"Zinangoja kuitwa."

"Si uziite?"

Daktari aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alimpokea mkoba, akamsindikiza mpaka garini. Gari likaondoka na abiria mmoja, viti vilivyobaki vitupu.

Aliporudi, alimkuta mfagiaji akishusha katoni mlangoni.

"Nimekuletea chupa kubwa, Daktari. Zile za rafuni zimeshawabana."

Daktari alimshukuru. Akavaa glavu, wakaanza kuwahamisha.