Picha Moja ya Bwana Tulieni

Mtaani walimwita Bwana Tulieni, kwa kuwa hakuna aliyepigwa picha naye bila kuambiwa atulie, hata mbuzi. Miaka arobaini alitembea na kamera moja nzito kama tofali, yenye lenzi mbili zilizokaa kama macho. Kila alipobonyeza, ilitoa vipicha viwili. Ukivitia kwenye kitazamio, kile kidude cha vioo viwili cha kuchungulia, jicho hili likaona chake na lile chake, watu waliinuka wakasimama mbele yako, ungedhani ukinyoosha mkono utawagusa.

Wote walikuwemo pichani isipokuwa yeye. Mara moja tu, wiki mbili kabla ya kufa, alikaa kitini mlangoni akampa mkwe wake kamera ampige.

"Ishike vizuri, mwanangu, isije ikaanguka."

Mkwe akaikumbatia kwa vidole vyote kumi.

Miezi mitatu baada ya mazishi, mjane aliipeleka filamu kwa fundi wa picha, mkwe akifuatana naye. Alitaka jambo moja: kumwona mumewe ameinuka, mara moja tu.

Picha zilipokuwa tayari, fundi akamwekea kitazamio dirishani penye mwanga. Mumewe alikuwemo, anatabasamu, lakini amebandikwa mlangoni kama kalenda. Bibi akafuta vioo kwa ncha ya mtandio. Bado.

"Fundi, umenitilia picha moja mara mbili," alisema taratibu.

Fundi akainamisha kichwa. Alikiri kwamba ya pili iliharibika, lenzi ilizibwa na kidole, naye akaona heri atoe nakala ya ile nzima kuliko kumrudisha mama wa watu mikono mitupu. Hakuna aliyeuliza kidole cha nani. Mkwe alikuwa ameficha mikono kwapani, machozi yanamtiririka.

Bibi alimshukuru fundi, maana nia yake ilikuwa njema. Kisha akaomba atiliwe ile iliyoharibika.

Jicho moja likaona mume, la pili giza. Alikaribia kukata tamaa alipogundua kwamba kidole hakikuziba pote. Chini pembeni kilibaki kipande, na hapo mkono wa mumewe, uliolala juu ya goti, ulikuwa umetoka mbele kabisa, na mishipa yake, na kucha ambazo bibi mwenyewe alizikata asubuhi ile.

Uso haukuja. Alisubiri sana, haukuja.

Akamsogezea mkwe kitazamio. "Njoo, mwanangu. Juu usitazame, hakuna kitu. Tazama hapa chini."

Mkwe akarudi nyuma. "Nimekuharibia, mama. Na ilikuwa moja tu."

"Ilikuwa moja," bibi alisema, hakumdanganya. "Lakini wewe alikupa kamera yake. Mimi miaka arobaini hakuniachia hata niifute vumbi."

Mkwe akacheka huku analia, akakiweka kitazamio machoni. Bibi akamshikia kwa chini.