Kiti cha Kutazama Mlango

"Usiniite mwizi mlangoni kwangu, wanangu wanasikia!"

"Sijasema mwizi, Mama Pacha. Nimesema kigae namba sita kimebadilishwa, na ufunguo wa kabati la maabara tunao watu wawili tu. Mimi sijabadilisha. Malizia hesabu mwenyewe."

Nilikuwa uani, soksi moja naianika mara ya nne ili nisipitwe na neno. Nyumba yetu ina milango sita na ua mmoja; siri humu haina pa kulala. Hao wawili wanatenganishwa na ukuta, na kazini wako maabara moja. Mama Pacha hupaka utando juu ya vigae vidogo, utando ambao mbele yake ganda la kitunguu ni godoro. Jirani yake, tunayemwita Mpimaji, ndiye anayeupima.

Alishatueleza: ndani ya utando umeme umejipanga kama mishale, yote imeelekea juu au chini. Ukiupa volti za kutosha, mishale inageuka. Ukizima, inabaki ilikogeukia. Ndiyo kumbukumbu yake hiyo. Ila kigae kikilala mno upande mmoja kinauzoea, kukigeuza kunataka nguvu zaidi, na mchoro wa kipimo chake husogea upande mmoja. Kila kimoja na ukaidi wake.

Mpimaji akatoa karatasi mbili. "Wiki jana mchoro wa namba sita ulisogea kushoto. Jana umesogea kulia. Kigae au kinyonga? Ripoti iko tayari. Jumatatu inafika kwa mkuu, na jina lako limo."

Mama Pacha akaketi kizingitini. Jina likishaingia mle, kazi imeota mbawa, na wale pacha hawana baba wa kuwasomesha.

"Umeanza lini kunichunga?"

"Tangu vile vigae viwili vipotee."

"Vilivunjika! Nilikuonyesha vipande!"

"Ulinionyesha vipande," akasema, "vya nini, sijui."

Mungu anisamehe, na mimi nikakumbuka kimfuko alichoingia nacho Mama Pacha asubuhi, amekibana chini ya mtandio. Nikamwangalia kwa jicho la pembeni.

"Hebu hizo karatasi," akasema Mama Pacha.

"Usije ukazichana."

"Basi shika mwenyewe. Zipandanishe, uziinue juani."

Akazipandanisha. Mistari ikapishana. Mama Pacha akaichukua moja, akaigeuza kichwa chini miguu juu, akairudisha. Mistari ikalaliana kama viganja viwili, hata kile kikunjo kidogo cha ukingoni kikaangukia juu ya mwenzake.

"Kiini macho," akasema Mpimaji, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Kikunjo hicho vigae vingine havina. Waya mwekundu wa mashine ya kupimia jana uliubana wapi?"

"Mkono wangu wa kulia, kama siku zote. Kigae kinaingia kwenye kishikizi njia moja tu, sikosei."

"Nawe ulikaa wapi?"

Nikasahau hata soksi.

"Jumatatu iliyopita nilihamisha kiti," akasema Mpimaji. "Upande wa pili wa meza. Nilikuwa nimeupa mlango mgongo, nikaona... niutazame."

"Unitazame mimi."

"Ndiyo."

"Basi kulia kwako kumekuwa kushoto kwa kigae. Umebana nyaya kinyume, kaka yangu, kwa kunilinda mimi nisiibe."

Alizitazama karatasi tena, akazigeuza, akazigeuza. Hakuomba radhi. Aliichomoa ripoti mfukoni, akaichana katikati, ila nusu zote mbili akazirudisha mfukoni. "Jumatatu nitapima upya kwanza."

"Pima. Na mimi nitakuwepo, nikitazama mikono yako."

Nikashindwa kuvumilia. "Na kile kimfuko cha asubuhi?"

"Nyama, mwenzangu! Nilijua ninyi mna pua." Akainuka, akapangusa gauni. Harufu ilikuwa imeshatufikia uani. "Wewe mwanika soksi, njoo. Nawe Mpimaji, ingia tule. Hata mezani kwangu, kiti cha kutazama mlango nakuachia wewe."