Aliyesimama Mahali pa Chuma

Kwenye saluni yangu habari haikai zaidi ya kichwa kimoja. Naanza kukuosha nywele, inaingia. Namaliza kukukausha, imeshatoka na mteja mwingine mpaka sokoni. Kwa hiyo Bendi ya Tanuri walipoamua kupanda tena jukwaani na mwimbaji mpya, mtaa mzima ulijua kabla gundi ya mabango haijakauka.

Na wote walikuja kuniuliza mimi, kwa sababu mwimbaji wa zamani ni shemeji yangu, kaka yake mume wangu, yule waliyempa jina la Chuma. Miaka thelathini na mbili alisimama mbele ya Tanuri, magitaa ya umeme yakinguruma nyuma yake, muziki wa roki ule wa kutikisa kifua, na akipiga ukelele mmoja unahisi kiti kimesogea. Mwaka juzi madaktari wakamkuta na uvimbe kooni. Uvimbe ulitolewa, na sauti ikaondoka nao. Tangu hapo anaishi kwetu, chumba cha mbele, na maongezi yake yote yako kwenye kibao cheusi kidogo anachokivaa shingoni kwa kamba, chaki mfukoni, kama mtoto wa chekechea. Mimi humtania kwamba sasa ndiye mwanamume pekee nyumbani ambaye nikimwambia anyamaze anatii. Naye huandika: KAMA UNGENYAMAZA WEWE NINGEPONA.

Ndivyo tulivyozoeana. Lakini siku Kiwiko na Radi walipokuja sebuleni, utani ulikaa pembeni.

Kiwiko ni mpiga gitaa, na siku za kazi ni fundi saa, ana meza yake mkabala na stendi ya mabasi. Radi ni mpiga dramu. Walikuja wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, wakakaa kwenye ncha za viti kama watu waliokuja kuposa. Nikajua kuna jambo. Tanuri wana sharti lao tangu ujana: kiti cha mwenzio hakikaliwi mpaka mwenyewe aseme kikaliwe. Mpiga besi wao wa kwanza alipohamia mbali, waliacha kupiga miezi minne wakisubiri barua yake.

"Tumempata mtu," Kiwiko alisema akiangalia zulia. "Si kama wewe. Kama wewe hakuna. Lakini mtu."

Shemeji akaandika: NANI.

"Dada wa Stendi."

Nilikuwa nimebeba trei ya chai. Niliiweka chini kwanza ndipo nikacheka, maana ningeimwaga. Nani hamjui Dada wa Stendi? Miaka kumi na moja anatangaza safari kwenye kipaza sauti cha stendi. Abiria wa gari la saa nne, lango la sita. Mwenye mtoto amshike mkono.

"Shemeji, umepatikana," nikasema. "Katikati ya wimbo tutaambiwa tushike mizigo yetu."

Hakucheka. Radi ndiye aliyenijibu. "Wewe cheka tu. Siku umeme ulipokatika, stendi imejaa, magari sita yanatoka kwa mkupuo, huyo mama alipanda juu ya kiti akatangaza kwa koo lake mwenyewe. Muulize huyu alifanya nini."

"Niliacha saa ya mtu wazi mezani," Kiwiko alisema. "Nikavuka barabara na kibano mkononi. Nikamuuliza kama anaimba. Akaniambia nyimbo za Tanuri anazijua zote, tangu akiwa shule."

Walichokitaka kilikuwa hiki: onyesho moja tu, Jumapili. Shemeji aje akae, asikilize mpaka mwisho, halafu aseme ndiyo au hapana. Akisema ndiyo, Tanuri inaendelea. Akisema hapana, yamekwisha. "Gitaa nitaliweka juu ya kabati," Kiwiko alisema, "wala sitakuwa na kinyongo. Hivi vidole vyenyewe vimebakiza miaka michache."

Shemeji aliandika maneno mengi, akayafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwisho akaonyesha neno moja: NITAKUJA.

Kesho yake asubuhi nafagia sebuleni, akanigonga begani na kibao. Alikuwa ameandika kwa mwandiko mdogo maneno yapate kuenea: WATU WAKIMPENDA, NIMEKWISHA. WASIPOMPENDA, NYIMBO ZIMEKWISHA. NIOMBE LIPI.

Nikaendelea kufagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Nikiri hapa hapa: jibu nililipata baadaye, nalo lilikuwa baya. Nilichagua upande wa shemeji, na kwa akili yangu upande wa shemeji ulikuwa yule mama aanguke. Kila kichwa kilichokalia kiti changu wiki ile nilikiambia, njooni Jumapili, mtaona mtu akiimba Tanuri kama anatangaza mabasi. Nilitia chumvi mpaka nikaona kiu mwenyewe. Nikawaambia hajui hata kushika maikrofoni. Uongo mtupu, sikuwa nimemwona akishika. Lakini nilitaka ukumbi ujae watu wa kumcheka, na umbea ni bango lisilohitaji gundi.

Jumapili saa tisa alasiri ukumbi ulikuwa umefurika. Saa tisa, kwa sababu mashabiki wa Tanuri siku hizi saa mbili usiku wameshalala. Walikuja na makoti yao ya ngozi ya ujanani, zipu hazikutani, kati ya zipu na zipu kuna tumbo la mtu mwenye wajukuu. Vichwa vingi mle ndani nilivipaka rangi mimi mwenyewe wiki ile ile, kwa hiyo umri wa kila mmoja naujua, ila siri ya kazi ni siri ya kazi.

Tulikaa safu ya tatu. Watu walikuwa wakija kumpa shemeji mkono kwa sauti za chini, kama wamekuja msibani. Nyuma yetu alikaa muuza nyama wa pale mtaani, mtu mwenye shingo nene, akainama katikati yetu.

"Chuma, sisi tumekuja kwa ajili yako," akasema. "Huyo wa stendi tutampandisha gari la kwanza."

"Tena asiwe na kiti," mkewe akaongeza.

Shemeji aliinua kidole gumba.

Taa zikapungua. Wakaingia Radi, Kiwiko, na mpiga besi wao wa sasa. Halafu akatoka yeye. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, gauni jeusi la kawaida, viatu bapa vya kazini, nywele amekata fupi kiasi kwamba mtu kama mimi asingepata hata cha kuchana. Alitembea mpaka kwenye maikrofoni, akaishusha urefu, na ukumbi mzima ukamngojea ajikwae.

"Habari za mchana," akasema, kwa sauti ile ile ya stendi. "Sikuja na basi."

Kicheko kikatoka kabla watu hawajajizuia. Nami kikanitoka. Na kabla hakijaisha Radi akapiga dramu, na yule mama akafungua mdomo.

Nitasemaje? Nilijiandaa kusikia mtu akimwigiza shemeji yangu, na kama angemwigiza ningemla mzima mzima. Hakumwigiza hata neno moja. Shemeji sauti yake ilikuwa ya kupasua juu. Huyu yake ilitoka chini, nzito, ina mikwaruzo kama geti linaloburutwa kwenye saruji, halafu pale unapodhani itakwama inanyooka, safi, inapita juu ya magitaa bila kuyasukuma. Na maneno. Miaka yote nimezisikia nyimbo zile, kuna mistari nilikuwa naimba matamshi tu. Siku hiyo nilisikia kila neno, kama mtu aliyeambiwa lango lake ni lipi na gari linaondoka saa ngapi. Kazi yake ilikuwa imemfundisha hivyo: kwamba aliye mwisho kabisa wa foleni, mwenye mtoto analia mgongoni, naye asikie.

Wimbo wa pili, muuza nyama aliacha kunong'ona. Wa nne, nikasikia kiti chake kikilia. Nikageuka. Amesimama, koti limefunguka, analia na anaimba.

"Vipi, gari la kwanza?" nikamuuliza.

"Limeshaondoka," akasema. "Niache mama, niimbe."

Mimi nami nilikuwa nimesimama. Nikakumbuka niko na nani, nikaketi haraka. Shemeji alikuwa bado ameketi, mikono juu ya kibao, macho jukwaani. Midomo yake ilikuwa inatembea na kila mstari.

Ndipo ukafika "Viatu Mkononi". Huu ndio wimbo wao mkubwa, na una kosa ndani yake. Ni wa kijana anayetoroka nyumbani kwenda kumwona mpenzi wake. Siku ya kurekodi, shemeji alitakiwa asubiri gitaa lizunguke mara moja nzima ndipo aingie ubeti wa pili. Fundi wa studio, nyuma ya kioo, akapunga mkono kufukuza nzi. Shemeji akadhani ni ishara, akaingia mapema, juu ya gitaa. Kanda ikatoka hivyo hivyo, watu wakaipenda hivyo hivyo, harusi ngapi zimechezwa na kosa lile. Tangu hapo ilimbidi akosee makusudi kila onyesho, kwa sababu asipokosea, ukumbi unakosea bila yeye na yeye ndiye anayeonekana amepotea.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Kiwiko akaanza ule mzunguko wa gitaa, akamtazama Dada wa Stendi aingie mapema, kama walivyofanya mazoezini.

Hakuingia. Alirudi nyuma hatua moja, akashusha maikrofoni mpaka kwenye paja.

Nilimwona Kiwiko akibadilika uso. Lakini ukumbi haukumngoja mtu. Watu mia nane waliingia peke yao, mapema, pale pale kwenye kosa, wazee kwa wake zao: *Nashuka ngazi, nashuka, viatu mkononi.* Wakaimba kwa namna ya Chuma, na ile mikunjo yake, na ule mkwamo wake mdogo kwenye neno "ngazi". Ilikuwa kama yeye amegawanywa vipande mia nane na kila mtu amekuja na chake. Wakafika mwisho wa mstari, gitaa likamaliza mzunguko wake, na hapo, mahali penyewe, yule mama akainua maikrofoni akaimba mstari ule ule upya, taratibu, kana kwamba ndiyo kwanza unaandikwa.

Shemeji alisimama. Hakupiga makofi, hakuinua mkono. Alisimama tu mpaka wimbo ukaisha, na mwingine, na wa mwisho, na mimi pembeni yake sikuthubutu kumwangalia usoni, nilikuwa naangalia mkono wake ulioshika kiti cha mbele.

Baada ya onyesho tulipelekwa nyuma ya jukwaa, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya viti. Radi alikuwa na taulo kichwani. Dada wa Stendi amekaa juu ya viti vilivyopangana, ana chupa ya maji. Alipomwona shemeji akashuka haraka.

"Shikamoo kaka."

Shemeji akainamisha kichwa kuitikia.

"Tulikubaliana uingie mapema," Kiwiko akamwambia, kwa ukali wa mtu aliyeogopa. "Ungetuua pale."

"Naomba radhi," akasema, lakini alikuwa anamtazama shemeji. "Mazoezini niliingia. Leo nimewaona watu wameshavuta pumzi. Ile sehemu ya mapema ina mwenyewe, kaka, sikuweza kuichukua. Na lile gitaa, mimi kila siku nasikia mtu anashuka ngazi akinyata asisikike. Nikaona nimwache afike chini ndipo aseme."

Shemeji aliwahi kuniambia, enzi akiwa na sauti, kwamba ndivyo alivyoutunga: ngazi kwanza, maneno baadaye, na kwamba nzi mmoja alimharibia. Wenzake hata sidhani kama waliwahi kumuuliza.

Kiwiko alikuwa anasugua vidole vyake. Watu wanangoja ndiyo au hapana, na mwenye kusema hana haraka. Mimi kimya kinanipa homa.

"Shemeji," nikasema, "nilimsema vibaya huyu dada kwenye vichwa vya watu wiki nzima, na leo nimeaibika na nimefurahi. Basi sema nawe, tujue moja."

Hakugusa chaki. Alimsogelea Dada wa Stendi, akauchukua mkono wake wa kulia, akauweka ubavuni mwake yeye mwenyewe, chini kabisa, kwenye mbavu za mwisho. Akavuta pumzi. Nikaona shati linapanuka pande zote mbili na mgongoni, na mabega hayapandi hata kidogo. Akaachia polepole. Akamwonyesha yeye ajaribu. Yule mama akavuta, mabega yakapanda. Shemeji akayabonyeza chini kwa viganja viwili, akatikisa kichwa: tena.

Mara ya nne mabega yalitulia.

Radi alitoa taulo kichwani akamtazama Kiwiko. Kiwiko alikuwa amegeukia ukuta, anakagua viti.

Ndipo shemeji akatoa chaki, akaandika, akamgeuzia kibao: KWENYE WIMBO WA TANO UNAPUMUA KWA KIFUA. UTACHUBUKA KOO. JUMANNE SAA KUMI, NYUMBANI.

"Jumanne niko zamu mpaka saa kumi na moja, kaka," akasema.

Shemeji akafuta kwa kiganja, akaandika saa kumi na mbili.