Manukato Yasiyopiga Kelele

Manukato yetu hayatangulii mtu mlangoni. Ukipita sokoni hapa mjini kwetu Nabeul umeyapaka, hakuna atakayegeuka. Mpaka mtu akukumbatie, akulazie shavu begani, ndipo ayasikie: maua ya mchungwa mchungu, mepesi, safi, kama shuka iliyoanikwa juani. Kisha yananyamaza tena.

Mwaka huu niliyakeneka kwa mvuke peke yangu, ya binti yangu Rim, anayeolewa Lyon mwezi wa sita. Kwetu bibi arusi hupakwa mafuta ya nyumba ya mama yake. Mtungi mzima wa shaba hutoa maji ya maua chupa kadhaa, lakini mafuta yanayoelea juu hayajazi hata kikombe cha kahawa. Ndiyo maana hatuchezi nayo.

Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja hukaa na moto, mwingine hubadilisha maji ya baridi yanayopoza mvuke kwenye beseni la juu. Miaka yote marehemu mume wangu Moncef alikaa na moto. Safari hii nilipanda kwenye kigoda na ndoo, nikashuka kupunguza moto, nikapanda tena. Rim akapiga simu.

"Mama, unahema nini?"

"Napika."

"Mama, si nilikwambia uache? Huku maduka yamejaa manukato."

"Ya huko yanaingia ndani kabla ya mwenyewe. Utaolewa wewe au itaolewa chupa?"

Akacheka. "Basi mpe binamu Nizar, anasafiri kesho. Lakini usijichoshe."

Nilipokata simu, mtungi ulikuwa unanguruma. Moto ulikuwa umepanda. Niliupunguza haraka, nikainamia chupa, nikanusa. Sikusikia kitu. Hiyo ni kawaida: anayeshinda na mvuke wa maua pua yake hufa siku nzima. Kwa hiyo kila nyumba huita pua ya nje, mtu ambaye hakushinda kwenye mvuke. Kwetu alikuwa Moncef, maana alikaa chini kwenye moto, mbali na mvuke. Alipomaliza kazi ya moto alikwenda mkahawani kupumzisha pua. Akirudi, hakunusa chupa. Alinusa shingo yangu, kwa sababu mafuta haya hayasemi kweli mpaka yapate joto la ngozi. Akisema "Haya," tulifunga vizibo.

Nilijipaka tone moja, nikakaa sebuleni kama nilivyozoea kumngoja. Mlango haukugongwa. Niliwasha televisheni, nikaizima. Jua lilipoanza kushuka nikajifunika shali, nikavuka barabara hadi kwa Wassila, jirani yangu.

"Makubwa! Mama Rim kwangu?" alisema akiwa na kisu cha vitunguu mkononi. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nawa mikono, unuse."

"Lete chupa."

"Si chupa. Hapa." Nikafungua shali.

Akanitazama. "Shoga, tumekuwa majirani miaka ishirini hujawahi hata kunipa shavu la Idi vizuri."

"Wassila, nusa au niende."

Akanawa kwa sabuni, akaja. Alikuwa na joto la jikoni. Akaweka pua chini ya sikio langu, akakaa hapo, na mkono wake akausahau mgongoni mwangu. Sikujua nifanye nini na mikono yangu mwenyewe. Nilitaka achelewe. Pia nilitaka jibu.

"Mazuri," alisema.

"Usinibembeleze. Ni ya bibi arusi."

Akashusha pumzi. "Mwanzoni maua. Halafu moshi. Maua yameshika chini, dada. Yameungua."

Maua yalikuwa yamekwisha sokoni. Wachumaji walishateremsha ngazi. Nilimshukuru, nikakataa chakula, nikarudi nyumbani nikampigia Rim.

"Yameungua. Nizar haji na kitu."

Akasema, "Si neno, Mama. Nitanunua hapa."

"Nunua yasiyopiga kelele."

"Nitajuaje?"

"Mwambie muuzaji akupake, kisha mwite huyo mumeo mtarajiwa kutoka upande wa pili wa duka. Akiyasikia kabla hajakufikia, rudisha."

Alicheka sana, nami nikacheka kidogo, tukaagana.

Mafuta yale sikuyamwaga. Nayapaka kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Muuza samaki husimama upande wake wa meza, mwenye duka la mkate upande wake. Wote hunisalimu vizuri. Hakuna aliyewahi kuniambia nanuka moshi.