Sauti Iliyokosa Paa

Mtaani walimwita Kamera, na hata mama yake mzazi alishazoea kumwita hivyo. Miaka kumi na tano alipiga video za harusi za watu, mpaka mgongo ukamkatalia. Daktari alimwambia achague kati ya kubeba vyombo na kutembea. Akachagua kutembea, akapata kazi kwenye duka la picha za vitambulisho, na kila siku ya mapumziko akawa anazurura kwenye dunia za mtandaoni akitafuta mahali pa kupigia filamu yake mwenyewe.

Humo kila anayeingia huvaa umbo, yaani mtu wa kuchora anayekwenda kwa kubonyezewa vitufe, na mwenye subira hujenga chochote anachotaka. Kamera alipita humo kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Aliona kisiwa kilichoning'inia angani, miti yake imeinamisha vichwa chini. Aliona jangwa lenye treni isiyo na reli. Aliingia jumba la vioo lililojaa watu wanaocheza muziki, akamsalimia mmoja, akamsalimia wa pili, kumbe wote ni mapambo, hakuna mtu nyuma yao. Vyote vilipendeza, ila hapakuwa na mahali hata pamoja palipokuwa na dalili ya kuishi mtu.

Mwezi wa nne wa kuzurura akaangukia mji mdogo wa maghorofa yaliyobanana. Nguo zilianikwa kwenye kila baraza. Kwenye ngazi, rangi ilikuwa imebabuka pale pale ambapo watu hushika ukuta wakiwa wamechoka. Ghorofa ya pili, dirishani, mwanamke mwenye kitambaa cha manjano kichwani alikuwa akimwagilia maua.

"Aliyejenga hapa," Kamera alijisemea, "anajua maana ya majirani."

Mwenye mji alijiita Fundi. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso, lakini alimruhusu apige filamu mjini kwake, akinasa maumbo yakiigiza kwenye skrini, kwa sharti moja, asivunje kitu.

Mwigizaji mkuu alikuwa mjomba wake Kamera, kaka wa mama yake. Mjomba alitangaza safari za treni stesheni kwa miaka thelathini na moja. Sauti yake ilikuwa nzito, haina papara. Watu walisema Mjomba akikutangazia kwamba treni imechelewa, unatamani kumwambia asante. Uzeeni magoti yalimsaliti, hata kutoka kitandani ilikuwa safari ya kupangwa. Lakini akikaa mezani mbele ya kompyuta ya Kamera, umbo lake lilipanda ngazi mbili mbili.

"Mama, unaniona?" alikuwa akimwambia mpwa wake, binti aliyezoea kumwita Mama, huku akicheka. "Goti hilo! Litazame goti hilo!"

Filamu yao ilihusu mtangazaji wa stesheni aliyekuta mkoba uliosahauliwa. Anaupeleka mlango kwa mlango, hampati mwenyewe, na mwishowe anapanda juu ya paa na kuwaita abiria wote aliowahi kuwaita maishani. Hotuba hiyo Mjomba aliitunga mwenyewe, na waliiweka kiporo makusudi, kama nyama inayoachwa ya mwisho kwenye sahani. Miaka mitatu walirekodi kila onyesho isipokuwa lile la paa.

Kisha sauti ya Mjomba ikaanza kukwaruza. Alisingizia mafua, akasingizia vumbi, mpaka hospitali wakaona uvimbe kooni. Upasuaji ulipangwa Jumanne. Wangeuondoa uvimbe, na pamoja nao ile sehemu ya koo inayotoa sauti.

"Basi Jumamosi tunapanda paa," Mjomba alisema.

Jumamosi asubuhi Kamera alimwekea mto mgongoni na kikombe cha maji ya vuguvugu mkononi. Wakaingia mjini, na mji haukuwepo. Palikuwa na nyasi tupu, kijani kimoja toka mwanzo hadi mwisho wa skrini. Katikati ya nyasi umbo la Fundi lilikuwa limekaa.

"Kaka, kumetokea nini?" Kamera aliuliza kwenye kipaza sauti. "Mtandao?"

"Nimefuta mwenyewe, dada. Jana."

"Si una nakala?"

"Nimefuta na nakala."

Kamera alisogeza umbo lake karibu na la Fundi. Akamweleza habari za Jumanne, za koo, za paa. Akamwomba awajengee paa tu, hata ukuta mmoja na ngazi.

"Pole kwa mzee," Fundi alisema. "Lakini sijengi tena. Ule mji tuliujenga na mke wangu. Kila dirisha alilichagua yeye. Ameondoka, dada. Ana nyumba yake sasa na mtu mwingine, na mimi kila nikiingia humu nakuta mapazia yake."

"Humu mjini alikuwa yupi?"

"Yule wa maua. Kitambaa cha manjano."

Kamera alishtuka. Siku zote alidhani yule mwanamke ni pambo, akampiga picha bila kuomba ruhusa, kwa kuwa alifanya mji upumue. Na kwa kukata tamaa akasema jambo ambalo baadaye alitamani kulimeza.

"Ninaye kwenye filamu. Karibu kila onyesho. Tujengee paa, nami nitakupa picha zake zote."

Kwenye spika walimsikia Fundi akivuta pumzi kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Mtoe," alisema hatimaye. "Dada, nakuomba sana. Sitaki watu wamwone pale kana kwamba bado yupo dirishani kwangu."

Kamera alijua akimtoa yule mwanamke, hakibaki kitu ila mzee anayepanda ngazi.

"Basi filamu sitaionyesha kwa mtu," alisema. "Nakuahidi."

Umbo la Fundi likatoweka papo hapo.

"Mjomba, turekodi sauti peke yake," Kamera alisema. "Picha nitatafuta."

Wakajaribu mara nne. "Abiria wote..." Mjomba alianza, na kila mara sauti ilikatika kabla neno la tatu halijatoka. Mara ya nne akaweka kikombe chini, akaonyesha kidole kwenye zile nyasi.

"Naita nani hapo, mwanangu?" alinong'ona. "Hakuna hata mlango."

Jumanne akapasuliwa. Alirudi nyumbani baada ya wiki mbili, hana sauti, na tundu dogo la kupumulia shingoni.

Kamera alizurura tena mitandaoni kutafuta mji mwingine. Alikuta soko lililoelea baharini, akakuta mtaa mzima wa karatasi. Mwezi wa pili wa kutafuta akaacha kuingia. Filamu ilibaki kwenye kompyuta, haina mwisho wala mtazamaji.

Siku moja alipompelekea Mjomba uji, mzee alichukua kalamu akaandika nyuma ya bahasha: *Mji umepatikana?*

"Bado, Mjomba. Naendelea kutafuta."

Mjomba alimtazama machoni. Alimlea tangu akiwa mdogo, alikuwa akimjua anapodanganya. Akaikunja bahasha, akaisukuma chini ya mto, kisha akamwashiria afunge dirisha, baridi inaingia.