Ngumi Ambayo Papa Lucien Hakuitaja

Papa Lucien aliondoka siku ya Jumanne, mwanzoni mwa Oktoba, kabla joto halijapanda, akiwa na jembe lililofungwa kitambaa na mfuko wa mbegu za mahindi. Alikuwa anakwenda Lukafu kulima shamba la marehemu kaka yake, maana mvua zilikuwa karibu. Alipofika mlangoni mwa lupango, ule ua wa nyumba yao ya Hewa Bora, aligeuka akamtazama binti yake Laurentine, aliyekuwa anafagia. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akacheka peke yake.

"Laurentine, ngumi yako, minaiona sasa."

"Njo ipi, Papa?"

"Nikirudi nitakuambia. Lori haingojaka muntu."

Ijumaa simu ililia. Papa Lucien alikuwa amelima mpaka saa sita, akajilaza kivulini mwa ghala, mkono chini ya shavu, na watu wakapita mara mbili kwa miguu ya taratibu wasimwamshe. Moyo ulikuwa umesimama. Alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Asiyemjua Lucien angedhani maneno yale ya mlangoni yalikuwa utani. Hayakuwa utani. Mchana alikuwa fundi wa mabehewa ya treni, kama baba yake. Jioni alifundisha ndondi uani kwake, kwa gunia la mchanga na nguo kuukuu lililoning'inia kwenye kipande cha reli. Na alikuwa na namna yake. Mtu mpya hakuvaa glavu mwezi mzima. Lucien alikwenda kukaa mahali mtu yule anapofanya kazi, akaomba kiti, akamtazama.

Fils alikuwa anasukuma mkokoteni wa unga sokoni. Lucien alimtazama siku nne, akasema, "Yako ni direkti, ngumi ya kunyooka. Mwili yako inajua kusukuma mbele." Akamsimamisha mbele ya ukuta, akamwambia ausukume kwa kisigino cha nyuma mpaka nguvu ya ardhi aisikie begani, kisha ndipo atume mkono, na mkono urudi kwa njia ileile uliyoendea. Syntiche alikuwa anafua mablanketi ya watu. Alipoyakamua, kiuno kiligeuka kabla ya mikono. Akapewa kroshe, ngumi ya kuzunguka: kiwiko kimeinuka kama kimewekwa juu ya meza, na mguu wa mbele unajisokota kama unazima kaa la moto. Aristote, mpakiaji wa magunia, alipewa apakati, inayopanda toka chini, na wiki nzima hakufanya lingine ila kukunja magoti.

"Ngumi zote utazijua," Lucien alikuwa akisema, "lakini moja njo mwenye nyumba. Zingine ni bageni."

Laurentine peke yake hakuwa na mwenye nyumba. Alianza akiwa na miaka kumi na moja, amesimama mbele ya baba yake, akifuata kila alichofanya. Sasa alikuwa na ishirini na tatu. Alikuwa mwepesi na hakuwa rahisi kupigwa, lakini hakuna aliyewahi kuogopa mkono wake.

Siku za matanga zilipita kama vitu vinavyoonekana chini ya maji. Maua ya jakaranda yalianguka juu ya viti vya plastiki na juu ya mabega ya waombolezaji, na hakuna aliyeyapangusa. Watu walisema, midomo ikaenda, na Laurentine akaitikia bila kusikia. Alipofumba macho, baba yake alikuwa mbele yake, pedi za kupokelea ngumi mikononi, amevaa singleti yake ya kijivu. Laurentine akapiga, naye akapokea. Kisha baba akafungua kinywa kutaja jina la ngumi, na hapo daima mtu alimgusa Laurentine bega: sukari imekwisha, mgeni amefika, padri anauliza.

Baada ya mazishi alianza kutafuta mwenyewe. Kila alfajiri alipiga gunia, direkti mia, kroshe mia, apakati mia, akisikiliza ndani ya mwili wake ni ipi itakayosema: ni mimi. Gunia lilipokea tu, kama mtu anayesikiliza kwa adabu.

Akamuuliza Fils. "Papa hakukuambia yangu?"

"Hakuniambia kitu. Usiku ule wa Jumatatu, mbele ya safari, alisema tu hajaelewa bado. Sasa mi nikudanganye, nikuambie bongo? Hapana, dada."

Kwa hiyo baba aliona Jumanne, pale mlangoni, wala si kabla. Aliona nini?

Siku ya kuondoa matanga, Laurentine alipewa chungu kikubwa cha bukari, ugali wa wageni wote, ausonge. Tantine Martine, dada ya baba, alikuwa amekaa pembeni akichambua sombe, majani ya muhogo. Hakuwahi kupenda ndondi. Alipokuja kutembea na kuwakuta uani wakipigana, alitazama kidogo tu, kisha akageuza kiti.

"Weye mutoto," alisema ghafla, "kwa chungu unasimama muzuri."

Laurentine aliendelea kusonga.

"Mbona kule kwa gunia unasimama kama muntu alivaa viatu kinyume?"

"Njo vile Papa alinifundisha, Tantine."

"Alikufundisha akiwa wapi? Mbele yako, si vile? Kama muntu na kioo. Yeye anatoa mukono wa kushoto, weye unatoa wa kuume. Na ule ndugu yangu, kichwa nguvu, akasema mutoto ni wa mukono wa kushoto kama mama yake. Mi nilimwambia, 'Lucien, mutoto anakulaka na kuume!' Akanijibu ati mambo ya ndondi haiko ya bamama."

Laurentine alitazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa mbele, ukikinga chungu. Mkono wa kuume ulikuwa nyuma na juu ya mwiko, ukisukuma, na kisigino cha kuume kilikuwa kimeinuka chenyewe. Hivyo ndivyo alivyosimama pia kwa ufagio.

"Bukari inaungua!" Tantine Martine alipiga kelele. "Utaniletea haya mbele ya bageni wote hawa!"

Wageni walipoondoka, jua lingali juu ya paa, alikwenda mbele ya gunia akageuza miguu. Alijihisi kama aliyeingia nyumba ya jirani. Akasukuma ardhi kwa kisigino cha nyuma, na direkti ya kuume ikaenda bila yeye kuituma. Reli ililia. Gunia liliondoka, likakaa mbali kidogo, na lilipomrudia alikuwa angali amesimama, mkono tayari kidevuni.

Akafumba macho amwonyeshe baba yake. Hakumwona.

Akageuza miguu tena, kama zamani, kuume mbele, akafumba macho: singleti ya kijivu, pedi, yule pale. Kioo kilikuwa kimerudi. Tangu siku ile alijua kwamba ana vitu viwili na hawezi kuvishika vyote. Kwa wiki mbili alichagua baba yake. Alipiga vibaya kila alfajiri, kwa miguu ya kinyume, ili aje; naye alikuja, mpole, akipokea.

Kisha Syntiche akamwomba wapigane raundi tatu, maana alikuwa na pambano huko Annexe.

"Laurentine, unanipiga ama unanipakala mafuta?" Syntiche alicheka katika raundi ya pili. "Kuko mbu hapa kwa uso yangu, ama ni weye?"

Fils akacheka. Hata Aristote, asiyecheka, akacheka. Na Laurentine alimwona baba yake kati yake na Syntiche, pedi zimeinuliwa, na safari hii baba hakufungua kinywa. Alikuwa anatazama miguu yake, kama alivyoitazama siku ile anafagia.

Akageuza miguu. Jua la uani lilikuwa tupu, na ndani yake palikuwa na Syntiche peke yake, jasho kwenye nyusi, mikono juu. Direkti ya kuume ilipita katikati ya glavu. Syntiche alikaa chini vumbini, macho wazi, akagusa pua yake.

"Mama wee," alisema. "Hii ulikuwa unaifichaka wapi?"

Laurentine alimpa mkono akamwinua. Hakujua kama hiyo ndiyo ngumi aliyoiona baba yake. Alijua tu kwamba ni yake.

Siku hizi anasimama mguu wa kushoto mbele. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, na anayemshikia pedi ni Fils.